Bati la Juu ya Kitanda

Mabati ya nyumba yangu ya Kitale yako Matulo, karibu na Webuye, juu ya kuta ambazo hayakununuliwa kwa ajili yake. Naandika jinsi yalivyofika huko kwa sababu binti yangu Nekesa ameanza kusahau, na yale anayoyakumbuka anayasikia kwa watu wengine.

Mume wangu aliitwa Hillary Mukhisa. Alikuwa karani katika ghala la mahindi mjini Kitale. Mwaka wa 2002 tulinunua kiwanja kidogo upande wa Mitume, chenye vyumba viwili vya matofali ambavyo aliyetuuzia alikuwa ameshindwa kumaliza. Hapakuwa na paa, sakafu wala mlango. Nyasi zilikuwa zimemea mahali ambapo baadaye tuliweka kitanda. Mukhisa alisimama katikati ya nyasi hizo akatabasamu kama mtu aliyekaribishwa chakula.

Nikamuuliza, "Na fundi tutamtoa wapi?"

"Fundi wa nini na mikono ninayo? Kwani yeye alizaliwa na nyundo?"

Hivyo ndivyo tulivyoanza, Jumamosi akitoka kazini na Jumapili tukitoka kanisani. Pesa ambazo fundi angekula, tulinunulia simiti na misumari. Sakafu ya kwanza ilipasuka yote, kwa sababu tuliiacha ikaukie juani tukidhani ndivyo inavyokauka. Tuliivunja, tukaimwaga tena, na safari hii tukaifunika kwa magunia mabichi na kuyamwagia maji kila asubuhi. Ilishika vizuri. Dari tulishona sisi wenyewe kwa magunia ya mahindi, tukayavuta na kuyapigilia chini ya mbao, kisha tukayapaka chokaa. Mukhisa alipaka akiangalia juu, mdomo wazi. Akatoka nje ameng'aa kichwa hadi kifua, na jirani yetu Wahu, mama muuza sukuma wiki, akapiga kelele kutoka kwake, "Mama Nekesa! Umepaka dari ama umepaka bwana?"

Lakini kazi iliyotushinda kwanza ilikuwa paa.

Bati lina migongo na mabonde. Sisi tulipiga misumari kwenye mabonde. Ilionekana ni akili, maana kwenye bonde ndipo bati linapolala juu ya mbao, na msumari hauchezi. Mukhisa alikuwa juu, mimi chini nikisukuma bati kwa fimbo. Hatukuwa na mipira ya kuweka chini ya vichwa vya misumari, kwa hiyo tulikata slipas kuukuu za Nekesa vipande vya duara, za samawati na nyekundu. Tulipomaliza paa lilikuwa na madoadoa kama kitambaa cha leso, na Mukhisa akashuka akalitazama kutoka barabarani, akarudi, akaenda tena kulitazama.

Mvua ya kwanza iliingia kila mahali. Kitanda kililowa, redio ililowa, unga ukageuka uji ndani ya mkebe.

Nilienda kwa Kuldip, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambaye alituuzia mabati yale. Alikuwa Singasinga mzee aliyezaliwa palepale Kitale, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni.

"Mama, hiyo msumari nyinyi napiga wapi? Juu ya mgongo ama ndani ya bonde?"

"Ndani ya bonde."

Alifunga macho. "Maji napita wapi, mama? Si bonde ndiyo mto yake? Nyinyi natoboa mto halafu nalia nyumba najaa maji!" Kisha akauliza, "Nani fundi?"

"Bwana yangu."

"Ah." Akacheka polepole, akaingia ndani, akatoka na mkebe wa lami uliokuwa umefunguliwa. "Hii chukua tu. Mwambie bwana, Kuldip nasema pole."

Tuling'oa kila msumari, tukaupiga tena kwenye mgongo, tukaziba matundu ya zamani kwa lami na vipande vya kitambaa. Bati moja lilitusumbua kuliko mengine, lile la juu ya kitanda. Tulikuwa tumelitoboa vibaya upande wa kushoto, matundu matatu yaliyofuatana, na kila yalipozibwa yalifunguka. Mukhisa alilipaka lami hadi likawa na kidonda cheusi ukubwa wa sahani. Siku lilipoacha kuvuja tulilala chali tukisikiliza mvua, na hakuna tone lililotufikia. Sijawahi kusikia kitu kizuri hivyo.

Jambo moja tu hakulifanya. Kwao Matulo hakujenga. Shamba la baba yake lilikuwepo, sehemu yake ilijulikana, na kila Krismasi kaka yake Zachary alimwonyesha pale mahali. "Mwaka ujao," Mukhisa alikuwa akisema. Kwanza alitaka kuweka vioo madirishani Kitale. Halafu choo. Halafu jiko. Kwa watu wetu mwanamume aliyeoa lazima awe na nyumba kwa baba yake, hata kibanda. Mukhisa alijua. Nafikiri aliona kwamba mtu wa umri wake ana muda.

Machi 2006 alianza kukohoa, akasema ni vumbi la ghala. Wiki hiyohiyo alikufa kwa mapafu.

Siku iliyofuata Zachary alikuja na lori na vijana wa kwao. Nilikuwa nimeketi chini na akina mama. Alinisalimia kwa heshima, akalia kabisa, machozi ya kweli, maana alimpenda ndugu yake. Kisha akajipangusa, akaniita mulamwa, yaani shemeji, na kusema, "Mulamwa, kuna jambo. Ndugu yangu hana nyumba nyumbani."

"Nyumba si hii uliyoketi ndani yake?"

"Hii ni ya Kitale. Kule tutampeleka wapi? Nyumba ya mzee? Mtu mzima hatolewi kwenda kuzikwa kutoka nyumba ya baba yake kama mtoto. Vijana wameanza kusimamisha miti, na matope yanakandwa sasa hivi. Kile hatuna ni mabati."

Nilielewa kabla hajainua macho juu.

"Zachary, hapana."

"Pesa yote imeenda mochari na kwa sanduku. Wewe mwenyewe unajua."

"Mabati haya tumepiga kwa mikono yetu."

"Si ni yake?"

"Ni yetu."

"Yenu namna gani? Ulikuja nayo kutoka kwenu?"

Mmoja wa vijana alicheka, Zachary akamkaripia. Akapunguza sauti. "Mama amesema nikuambie hivi: asionekane amezaa mtu asiye na nyumba. Ni mama anaomba, si mimi. Tukishazika na kuvuna, tunanunua mengine, haya unarudishiwa. Yote. Mbele ya hawa watu naapa."

Nilimfikiria yule mama, ambaye hakuwahi kunitendea ubaya. Nikasema wachukue ya chumba cha mbele, waniachie ya chumba cha kulala.

"Sawa, mulamwa," akasema Zachary.

Walipanda. Hawakujua misumari ile ilipigwa vipi, kwa hiyo waliing'oa kwa nguvu, na bati likararuka pale lilipokuwa limezibwa. Vipande vya slipas vilianguka uani, Nekesa akaviokota. Chumba cha mbele kilipokwisha, niliwasikia wakisema hayatoshi. Zachary hakuja kuniuliza. Nilisikia tu nyundo ikihamia juu ya kitanda.

Wahu alikuja mbio na karatasi ya nailoni ya kufunikia mboga zake, akaanza kufunika godoro na viti. Aliwatazama wale vijana juu ya ukuta akasema kwa sauti ya kusikika barabarani, "Hata mwizi huacha paa, bana! Mwizi hubeba redio, anaacha paa!"

"Mama, hii ni mambo ya matanga," kijana mmoja akajibu. "Wewe huwezi elewa."

"Nitaelewa mvua ikinyesha."

Lori liliondoka na mabati yetu yakigongana. Niliyasikia hadi kwenye kona.

Tulimchukua Mukhisa mochari na kumfikisha Matulo siku ya mazishi kabla ya saa sita. Nyumba ilikuwa imesimama, matope bado mabichi, ukiegemea unatoka na doa. Watu walisifu. "Angalia jinsi amejengewa! Kwa siku chache tu!" Walimweka ndani, katikati ya chumba, akakaa katika nyumba yake kwa mara ya kwanza. Mimi niliketi chini kando ya sanduku. Nilipoinua macho niliona kidonda cheusi ukubwa wa sahani. Lile bati la kitanda chetu lilikuwa juu yake tena. Kidonda kilikuwa kimeraruliwa pembeni, na mwanga ulipenya kwa matundu matatu yaliyofuatana.

Na misumari mipya walikuwa wameipiga kwenye mabonde.

Mchungaji alikuwa katikati ya mahubiri mvua ilipoanza. Waliokuwa nje chini ya turubai walisongana, wengine wakaingia ndani. Tone la kwanza lilianguka juu ya kioo cha sanduku, pale unapoona uso. La pili likafuata palepale. Mchungaji aliongeza sauti kushinda mvua. Hakuna mtu aliyesogea. Watu walitazama maji yale yakigonga kioo kana kwamba ni sehemu ya ibada.

Nilisimama. Mjane hasimami wakati huo, lakini nilisimama.

"Msogezeni upande wa mlango," nikasema. "Mlangoni bati ni zima. Hapo panavuja."

Zachary akaja karibu, aibu imemjaa. "Keti, mulamwa. Umejuaje kwa mlango hapavuji?"

"Yale ya mlangoni lami yake ilishika, haijararuka. Hili la hapa ni la juu ya kitanda changu."

Wanaume wanne walimsogeza. Nyuma yangu mzee mmoja aliuliza kwa kunong'ona, "Kwani fundi wa hii nyumba ni nani?" Mwingine akasema, "Nyamaza, wewe."

Tulimzika mvua ilipokatika.

Siku za matanga zilipokwisha nilimwomba Zachary aniambie mabati yatarudi lini. Alikuwa anafunga ng'ombe. Hakunitazama.

"Mulamwa, nyumba ambayo mtu amelala maiti ndani yake haiezuliwi. Watu watasema tumemvua nguo."

"Uliapa."

"Niliapa kabla ya kuuliza wazee." Alikaza kamba. "Na kwani unakosa nini? Nyumba yako ni hii. Kaa hapa kwa bwana yako. Kitale unafuata nini, kuta?"

Nilifuata kuta. Nilimkuta Wahu ameinama ndani ya chumba cha kulala akitoa maji kwa beseni. Magunia ya dari yalikuwa yameshuka yakaning'inia kama matumbo, chokaa imetiririka hadi sakafuni. Sakafu peke yake ilikuwa nzima. Maji yalituama juu yake bila kuzama, kwa vile tulivyoilainisha.

Nimekuwa nikinunua bati mojamoja kwa Kuldip. Haniulizi fundi ni nani. Napiga mwenyewe, kwenye mgongo, Nekesa akishika ngazi. Mpaka sasa chumba cha kulala kimefunikwa. Cha mbele bado ni mbingu.

Mwaka jana nilienda Matulo kupalilia kaburi. Mvua ilinikuta huko, nikaingia katika nyumba ya Mukhisa. Ilikuwa imejaa magunia ya mahindi ya Zachary hadi ukutani. Nikiwa bado nje nilikuwa nimeona, ukingoni mwa paa, vipande vya samawati na nyekundu vimebana kwenye misumari michache ya zamani. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwa kidonda cheusi, na kutoka kila bonde, na gunia la chini lilikuwa limeanza kuchipua.

Zachary aliingia akikimbia, gunia kichwani. Alinikuta nimeangalia juu.

"Aki mulamwa, Mungu amekuleta. Kila mwaka inaoza hivi. Nimeita fundi mara ngapi, ati anaziba hapa, inatokea pale. Si wewe unajua haya mabati? Hebu nionyeshe ni wapi nyinyi mlikuwa mnaziba, na dawa yake ni nini."

Nilijua. Ningeweza kumwonyesha kwa kidole bila kusogea: ng'oa, hamisha juu ya mgongo, kisha lami. Kazi ya Jumamosi moja. Nilitazama maji yakiingia kwenye mahindi yake.

"Mimi nilikuwa nashika fimbo tu," nikamwambia. "Aliyejua mmemzika hapo nje."

Mvua ilipopungua nilichukua jembe langu nikaenda kumalizia kaburi.