Jina la Mtoto wa Kwanza

Asubuhi ile Noela alikuwa na raha ya kipumbavu, ile inayomfanya mtu acheke na kuta. Mlango umekaa! Si mlango wa mbao, jamani, ni wa kuingilia kwenye ukurasa wa mtandaoni wa kikundi chao cha ngoma pale Kalangalala, Geita, na yeye ndiye fundi wake.

Ukurasa ulikuwa mmoja tu. Ukigusa "Nyimbo" zinakuja palepale, ukigusa "Mazoezi" yanakuja palepale, hakuna kusubiri kitu kifunguke. Uzuri mtupu! Ila mwaka jana haukuwa na kizuizi. Mwenye kiungo aliingia kama anaingia sokoni, na watani wao wa kikundi cha pili wakausoma wimbo mpya, wakautungia majibu. Siku ya mashindano ubeti wa kwanza haujaisha, wenzao wakajibu. Lo! Walichekwa mpaka na wauza barafu. Na mashindano ya ngoma za Kisukuma hayana huruma hata chembe: vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na watu wanakimbilia kule kunakonoga. Ukibaki na ndugu zako tu, umeshindwa.

Mwaka huu wimbo wa kufungulia ulikuwa wa Noela, wimbo wake wa kwanza kukubaliwa tangu azaliwe. Kiongozi wao, mzee Thobias, ambaye mji mzima unamwita Baba Mageni, alimwambia bila kupepesa macho: "Mwanangu, wimbo ni mtamu. Ila ukivuja, hauimbwi. Tutaimba wa zamani, na wewe utapiga makofi."

Kupiga makofi! Noela akajifungia na kompyuta yake. Hakuficha nyimbo nyuma ya kitufe kama wavivu wafanyavyo; seva yenyewe sasa ilikataa kutoa hata neno kwa mtu asiyejitambulisha. Unaandika namba ya simu na nenosiri, seva inakupa kibali cha muda mfupi, na kibali kikiisha unabisha hodi upya. Manenosiri aliyasaga kabla ya kuyahifadhi, hata yeye asingeweza kuyasoma. Na kwa kuwa wazee husahau nenosiri hata kabla hawajamaliza kuliandika, akaweka swali la kuwasaidia. Swali hilo alijivunia kuliko vyote. Kilichobaki ni kuupandisha wimbo jioni ile, watu wajifunze.

Kwa raha hiyo akaenda kula chapati kwa Salome.

Salome alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza, na pia, ole wake, ndiye sauti ya kwanza ya wale watani.

"Mwangaluka, bibie! Nasikia mmeweka kufuli," alisema Salome, akigeuza chapati.

"Kufuli? Sema ngome! Mwaka huu hamchunguli hata kwa tundu la sindano."

"Haya. Na Baba Mageni akisahau paswedi? Maana yule juzi kaitafuta kofia, na kofia iko kichwani."

"Anaulizwa kitu anachokijua mwenyewe," alijibu Noela, mdomo umejaa. "Jina la mtoto wake wa kwanza."

Hapo hapo Baba Mageni akapita na baiskeli.

"Baba Mageni, shikamoo!" aliita muuza nyanya. "Baba Mageni, suruali yako tayari!" aliita fundi cherehani. "Baba Mageniii!" waliimba bodaboda kijiwe kizima. Mzee akawa anagawa marahaba kushoto na kulia.

Noela akaacha kutafuna. Mungu wangu! Mama Limi, Baba Mayala, Mama Donatus... kikundi kizima hakuna aliyeitwa kwa jina lake! Alikuwa amefunga mlango kwa jibu ambalo Geita yote ililipigia kelele tangu alfajiri. Akatamani ardhi ipasuke immeze.

Akamtazama Salome. Mwiko ulikuwa umesimama hewani. Kisha ukaendelea kugeuza, polepole, na uso wa Salome ukawa mtakatifu kabisa. Noela aliufahamu uso ule. Ndio aliokuwa akiuvaa kila walipokwenda kuiba maembe ya masista.

"Niongezee moja," alisema Noela, kama hajaona kitu. Akala, akaaga, akatembea kwa maringo mpaka kona. Alipoikata tu akavua ndala, akatoka mbio.

Nyumbani alirekebisha kwanza lililo muhimu. Mwanakikundi akisahau nenosiri atatumiwa namba kwa ujumbe kwenye simu yake mwenyewe, na namba ile isipotumika mapema inakufa. Akajaribu, ikakubali. Sasa lile swali la kijinga alifute. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe, ndipo kicheko kikamwanzia tumboni, kikapanda, kikamtoka puani.

Swali hakulifuta. Atakayelijibu kwa jina la mtoto ataingia, karibu sana! Ila ataingia chumba cha uani, chenye rangi zilezile na vitufe vilevile, na wimbo mmoja tu ambao hakuna atakayeuimba. Akautunga palepale, machozi ya kicheko yakimtoka: *Tunakuja na fisi wetu, fisi mwenye shanga shingoni.* Kisha akawapitia wenzake wote na kuwaambia kwa mdomo: ukisahau, subiri ujumbe, swali liache, si lako.

Jioni, mazoezini, kompyuta ikamwonyesha kwamba Baba Mageni ameingia sasa hivi kwa kujibu swali. Baba Mageni mwenyewe alikuwa mbele yake anakaza ngozi ya ngoma, simu yake imeisha chaji. Noela aling'ata kanga asipige kelele.

Siku ya mashindano watani wakaanza kwa kishindo. Salome alitangulia na mifupa ya mbuzi shingoni, nyuma yake wanaume wamebeba miguu ya ng'ombe, wote wanaimba: "Fisi wenu yuko wapi? Mleteni tumlishe!"

Watu wakatazamana. Fisi gani?

"Kuna fisi?" aliuliza mama mmoja, akimkaza mtoto mgongoni.

"Fisi! Kuna fisi!" mwingine akapokea, na uwanja ukalipuka. Watu wakakimbia, vumbi likatimka, na wote wakaangukia upande wa pili, kwa kina Noela. Baba Mageni hakungoja mwaliko. Akaipiga ngoma, na Noela akauanza wimbo wake kwa sauti kuu: "Kuku wa bibi kameza dhahabu!"

Wachezaji wakaanza kumkimbiza kuku asiyekuwepo, mkono mmoja chini, makalio juu, mkono wa pili umeinua jembe la kuchezea. Waliokuja kwa woga wakabaki kwa utamu. Wengine walishasahau fisi, wanamzuia kuku asipite.

Ng'ambo, Salome alisimama na mifupa yake. Akamtazama Noela, akaelewa. Akaitupa mifupa, akavuka uwanja mbio.

"Mshenzi mkubwa! Mlango ulionifungulia ulikuwa wa choo!"

"Nani alikutuma uingie?"

Wakashikana mabega, wanacheka hata kusimama hawawezi. Halafu Salome akaudaka wimbo, kwa ile sauti yake ya kwanza, na watu wote wakamfuata. Noela alitaka kuendelea kucheka, akajikuta analia, kwa sababu uwanja mzima ulikuwa unauimba wimbo ambao asubuhi ya siku hiyo hakuna mgeni aliyeujua hata neno.