Zamu ya Jikoni

Nina miaka sitini na nane, mjukuu wangu wa kwanza ameshaolewa, na bado nilikuwa namwonea wivu mke mwenzangu. Mume wetu Nassir alishafariki. Tulibaki wawili katika nyumba moja hapa Kilosa, mimi na Doto.

Wivu wenyewe ulianzia Mikumi. Tulikuwa na kibanda cha chakula kando ya barabara kuu, tukiwapikia madereva wa malori yaendayo Iringa. Tulipika kwa zamu kama wake wenza wote, siku mbili yeye, siku mbili mimi. Nilipomzaa kitinda mimba wangu, Mudi, nilikaa ndani siku arobaini. Niliporudi nikamkuta Doto amekaa mbele ya mafiga, na siku hiyo ilikuwa yangu.

"Dada, wewe kaa mbele na wateja," alisema. "Unajua kuwachekesha."

Ikawa hivyo kwa miaka ishirini na sita. Nilibeba sahani, madereva wakasifu wali wa Doto. Nassir naye alisifu. Kumchukulia mwenzio zamu ni jambo zito kwetu, nami sikulisahau.

Mwaka jana watafiti walikuja Mikumi kuchukua damu ya wanawake waliopikia kuni muda mrefu, nasi tukaenda. Nesi Upendo alitueleza taratibu. Saratani ya mapafu ikiwa bado changa, alisema, mtu anaweza asiumwe wala asikohoe, lakini huenda ikaacha alama ndogo ndogo kwenye damu. Walikuwa wanajaribu kuzisoma mapema. Kipimo bado kinachunguzwa, kwa hiyo atakayeonekana na alama atapigwa picha ya kifua ili kupata uhakika. Alipomaliza alinishika kiwiko nisiyumbe wakati wa kusimama. Doto hana simu, tukaandikisha namba yangu.

Baada ya miezi miwili simu ikaita.

"Tunamwomba Bibi Doto. Tutamletea gari, aje nasi Dodoma."

Gari, tena mpaka Dodoma! Damu yangu hakuna aliyeiulizia. Nikaona ni yale yale ya wali.

"Amekwenda shamba," nikasema. Doto alikuwa anapepeta mchele hatua tano tu kutoka niliposimama.

Walipiga tena, nikasema amekwenda Msowero. Mara ya tatu nikasema hajarudi.

Wiki ya tatu Upendo alikuja mwenyewe kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alitusalimu shikamoo, kisha akaomba kuzungumza na Doto faragha.

"Sema tu," Doto akamwambia. "Huyu ni dada yangu, hatufichani."

Nikatazama chini.

Upendo akasema damu ya Doto ina alama, na kwamba asiogope kabla ya picha. Akatoa fomu yake.

"Bibi, ulikaa kwenye moshi miaka mingapi?"

"Ishirini na sita. Kila siku."

"Hamkuwa na zamu?"

"Tulikuwa nazo. Dada alipojifungua Mudi alishikwa na homa ya mapafu. Akapona nusu tu, akisogelea moshi anakohoa mpaka machozi. Nikamwambia Nassir, jikoni nitakaa mimi."

"Mbona hukuniambia?" nikauliza.

"Ungekubali?"

Nisingekubali. Ningepiga kelele mpaka Kidodi wanisikie.

Nikamgeukia. "Doto, hawa watu walipiga simu. Mara tatu. Nilisema hupo."

"Nilisikia. Simu yako inalia kama king'ora."

"Ukanyamaza?"

"Niliogopa, dada. Nikajua ni habari mbaya, nikasema moyoni, anazizuia zisinifikie."

Nililia mbele ya mgeni. Upendo hakunisema. Alinipa leso yake, akasema tu, "Wiki tatu zimeshapita, bibi. Tusiongeze ya nne."

Gari lilikuja kesho yake asubuhi, na mimi nikapanda. Picha ilionyesha uvimbe mdogo kama punje ya choroko. Daktari alisema umewahiwa. Wakautoa, na Doto anaendelea kurudi kwa uchunguzi. Nikamuuliza daktari kama zile wiki zangu zimemdhuru. Akasema hadhani. Sijaacha kuzihesabu.

Sasa napika mimi kila siku, kwa jiko la gesi alilotuletea Mudi. Doto anakaa barazani, wageni wanamletea mayai na mapapai. Juzi jirani yetu Devota alikula wali wangu, akalamba vidole, akamgeukia Doto.

"Bi Doto, umemfundisha vizuri mwenzio!"

Doto akacheka mpaka akashika mbavu zenye mshono. Wivu ukanichoma, siwezi kusema uongo. Nikachukua mwiko, nikamwongezea Doto nyama.