Gitaa la Kibwana, Tarumbeta la Laurenti

Kibwana ndiye aliyeanza. Nyimbo za Idi ambazo wanawake wa Lindi huziimba kwa makofi alizipigia gitaa na kuzitia mwendo wa dansi, na kila Idi pili watu walijaa ukumbini kuisikiliza bendi yake, Mitwero Jazz. Sifa zote zilikuwa zake peke yake.

Mwaka alipotawazwa Malkia wa Waingereza, akajiunga Laurenti, kijana wa Nyangamara aliyejifunza tarumbeta misheni. Maneno ya nyimbo hakuyajua. Lakini Idi ndogo ile, katika wimbo ambao Kibwana aliurithi kwa mama yake, Laurenti aliuchukua ubeti wa mwisho kwa tarumbeta, akauvuta, akaukunja, mpaka akina mama wakapiga vigelegele. "Laurenti! Laurenti!" Hata Mastura, mkewe Kibwana, alisimama akishangilia.

"Wimbo wenu leo umenitoa machozi," alimwambia mumewe nyumbani.

"Wangu au wake?"

"Si wenu nyote?"

Kibwana akakisukuma chakula, akalala na njaa.

Idi kubwa ilipofika, alikaza nyuzi za gitaa lake, akalipandisha sauti moja juu bila kumwambia mtu. Laurenti alipoingia, tarumbeta na gitaa vikagombana vibaya. Watu wakaguna, wengine wakacheka. Laurenti akalishusha tarumbeta, akaanza kupiga makofi, na akina mama wakaupokea wimbo wakaumaliza wenyewe.

"Vipi tena?" Ahmadi, mpiga ngoma, aliuliza waliposhuka jukwaani.

"Muulize mwenye tarumbeta," alijibu Kibwana.

Laurenti hakubisha. Alisema tu, "Kaka, Krismasi twende kwetu. Kuna wimbo wa Noeli wa wazee, nataka tuupige dansi. Gitaa lako litangulie."

Kibwana alikubali, akitumaini kumwona akiaibika mbele ya ndugu zake. Mambo yakawa kinyume. Mchana wa Krismasi, nje ya kanisa, gitaa lilipotangulia tu watu waliinuka wakacheza, na tarumbeta hakuna aliyelijali. Magdalena, mama yake Laurenti, alimvika Kibwana kanga mabegani. Kibwana akageuka haraka kumtazama Laurenti usoni, akitafuta pale maumivu anayoyajua yeye.

Laurenti alikuwa akicheka. "Mnamwona?" aliwaambia watu. "Huyo ndiye mkubwa wangu!"

Waliporudi Lindi juu ya lori la korosho, Kibwana alishindwa kuvumilia. "Siku ile ya Idi nilipandisha sauti makusudi."

"Najua, kaka."

"Ulijua, na bado ukanipeleka kwenu?"

"Wimbo wetu ulikuwa unahitaji gitaa."

Waliendelea kupiga pamoja miaka mingi, na watu wakawasifu wote wawili. Lakini kila alipomwona Laurenti akifurahia makofi anayopigiwa mwenzake, moyo ulimchoma Kibwana kama zamani, na safari hii hakuwa na wa kumlaumu.