Weusi wa Jiko la Hemani

Hajra alikuwa mwanamke wa kusugua. Sufuria zake ungeweza kujitazamia ukafunga ushungi, na pale mtaani Dunda hakuna aliyethubutu kumcheka kwa mambo ya jikoni. Ila kulikuwa na kitu kimoja kilichomtia aibu: jiko la hemani la mumewe Bwanausi, jeusi tii, na bomba lake jeusi vilevile.

Jiko lenyewe lilikuwa sanduku la bati jembamba, lenye miguu ya kukunja. Mgeni mmoja alimwachia Bwanausi kule ufukweni, kwenye kambi ya mahema anakopikia watalii. Ukilitia kuni ndani ya hema, moshi unapanda bombani unatoka nje, na masika yanyeshe yatakavyo, watu wanakula pilau la moto. Riziki yao yote ilikuwa hapo. Kila akirudi, Bwanausi alilishughulikia mwenyewe: jivu lote nje, bomba analipitisha kumbi la nazi lililofungwa kwenye ufito, kisha anapaka mafuta ya nazi bati lingali na uvuguvugu. Maji, hata tone, hapana.

"Weusi huo ndio nguo yake," alikuwa akisema. "Usilivue."

Basi Bwanausi akalazwa, akapasuliwa ngiri. Ikaja habari kwamba karibuni ataruhusiwa, na dada yake Mwaija wa Zinga ndiye atakayemleta nyumbani. Mwaija, jamani! Mara ya mwisho alipitisha kidole kwenye lile jiko, akakiinua mbele za watu: "Wifi, kaka yangu ndiyo masizi anayopikia haya?" Watu wakacheka. Hajra naye akacheka, roho inamuuma.

Safari hii hatachekwa. Akalibeba jiko mpaka pwani, akalisugua kwa mchanga na ndimu, akalisuuza kwa maji ya bahari. Loh, lilimeremeta! Akaliweka barazani majirani walione. Laiti angelipaka mafuta japo kidogo! Lakini mafuta yangeua mng'ao, na mng'ao ndio alioutaka.

Madaktari wakamzuia Bwanausi wiki nyingine. Upepo wa bahari ukavuma, chumvi ikala. Hajra alipoona wekundu wa kutu kwenye maungio akausugua, ukarudi, akausugua tena. Bati lilikwisha kondeshwa na miaka ya moto, masikini, naye akazidi kulipunguza kwa mikono yake.

Bwanausi akaja, anatembea polepole, mkono kiunoni.

"Daktari kasema anaweza kupika," Mwaija alitangaza, "mradi asinyanyue kizito." Kisha akaliona jiko. "Makubwa! Wifi, leo nimekuvulia kofia!"

Bwanausi aliinama, akapapasa ubavu wa jiko, kwa chini. Hajra akakiona kidole kikizama ndani ya bati kama kwenye mkate uliolowa. Mumewe akakitoa taratibu, akalizungusha jiko ule upande wenye tundu ukaelekea ukutani.

Simu ikalia. Kambini wana wageni Jumamosi.

"Jiko? Jiko ni zima kabisa," Bwanausi alijibu. "Mimi ndiye sijiwezi. Tafuteni mpishi mwingine."

"Hujiwezi nini?" Mwaija akang'aka. "Si umeruhusiwa kupika?"

"Nimechoka tu, dada."

Hajra akafumbua mdomo. Neno moja tu lilitakiwa, na Mwaija alikuwa amesimama pale pale. Akaufumba.

Mwaija akaenda zake huku akimsifu, mtaa mzima unasikia. Sifa alizozitamani miaka yote, leo zilimchoma kama mwiba wa samaki.

Walipobaki wawili, Bwanausi akaomba kitambaa na mafuta ya nazi. Akaketi kigodani, akaanza kulipaka lile jiko bovu, polepole, pembe kwa pembe.

"La nini tena?" Hajra alilia. "Nigombeze basi, mume wangu! Nitukane hata!"

"Nikugombeze nini? Hebu shika upande huo, mimi siwezi kulinyanyua."