Mbaazi ya Kavata

…na aliyeniambia kwanza ni Kavata mwenyewe, mama ya bwana yangu, tulikuwa tunabambua mbaazi hivi hivi, akasema, mwanangu, ile kisima si ya wanaume, mimi ndio nilichimba, mwaka ya njaa, bwana yangu akiwa kazi ya reli huko Voi, niliona punda inakwaruza mchanga ya mto, nikachimba na kibuyu mpaka mkono ikazama kwapani, ndio maji ikatoka… "Susu, unacheka nini?" huyu ni Ndinda mjukuu wangu, bado hajalala, sicheki, bambua… na leo kwa kanisa Mumbua, mwalimu wetu, mtoto mzuri, ametandika gunia kubwa, amechora mto na kijiji yetu juu yake, ati serikali ikijenga bwawa maji itafunika kila kitu na sisi tuhamie upande wa Zombe, basi kila mtu aweke mbaazi mahali anajua, hapa kaburi, hapa kisima, aseme jina, yeye anaandika na kaseti inazunguka, nikaweka yangu penye mto inapinda, akauliza, "Susu, hii kisima ni ya nani?" nikanyamaza, kwa sababu watu huita hiyo kisima jina ya baba mkwe, na mimi jina ya baba mkwe sijawahi kutaja miaka arobaini, hiyo ni nthoni, ni heshima, hata mlevi anajua… nilitaka kusema si yake, sasa utasemaje si ya fulani na huyo fulani hutaji? shemeji yangu Mutie akanitajia kwa nguvu, "Andika, mwalimu! Huyu ana haya tu, ni ya baba yangu!" wamama wakacheka, hata mimi nikacheka, Mumbua akaandika… na maji ikikuja, ile imeandikwa ndio itabaki, na Kavata huko chini kaburini na mikono yake yote… lakini ngoja, ngoja kidogo, jina ya mama mkwe naweza taja, nani alinikataza? Kavata. Ona, mdomo haijaanguka. Kesho Mumbua anarudi na wino, leo ilikuwa penseli tu, sitasema si ya nani, nitasema ni ya nani, Kavata, na punda pia nitaweka, Mutie akohoe mpaka achoke, nitampikia chai… "Susu, Kavata ni nani?" eh, kumbe nimesema kwa sauti? ni mama ya babu yenu, kesho mtasikia jina yake kwa kaseti, sasa Ndinda, toa miguu kwa ndugu yako, acheni mbaazi, laleni.