Mgonjwa wa Mtihani

Mlinzi alikuwa ameinama mbele ya kioo cha pembeni cha gari la meneja, mdomo wazi, akichokonoa mkate ulionasa kwenye waya za meno. Hakutaka kuula. Lakini alikuwa langoni tangu jana jioni, mwenzake wa zamu ya asubuhi hakutokea, na kufika adhuhuri akawa anaona watu wawili wawili. Njaa haijui mtihani. Sasa makombo yamejaa kila pembe, na saa nane mdomo huu unatakiwa chuoni ukiwa safi kama sahani ya wageni.

Mtu wa miaka hamsini na ushei kuvaa vyuma vya meno, jengo zima lilishamcheka mpaka likachoka. Jina walimpa siku ile ile: Mzee Waya. "Mzee Waya, leo umeshika redio gani?" karani wa mapokezi humuuliza akipita. Naye hucheka nao, mkono mdomoni. Ukweli hakumwambia mtu. Bintiye alikuwa mwaka wa mwisho, anasomea udaktari wa meno, na chuo kinataka kila mwanafunzi ajitafutie mgonjwa, amfunge waya, amtunze mpaka siku ya mtihani. Chuo kikubwa vile, halafu mgonjwa utafute mwenyewe, kama mtu aliyealikwa harusini akaambiwa aje na kiti chake. Wagonjwa wawili walimkimbia binti. Hapo ndipo baba aliposema, "Chukua domo langu. Si lina meno?" Meno yenyewe yalipinda kidogo tu, wala hayakuwahi kumsumbua.

Tangu hapo hajui raha. Kila akila apige mswaki, kisha achukue kile kimswaki chembamba akipitishe chini ya waya, jino kwa jino, asiache ukoga kwenye fizi. Nyumbani hayo yanawezekana. Hapa langoni bomba la nje lilitiwa kufuli tangu bei ya maji ipande, na choo cha ndani si cha walinzi. Wakibanwa huvuka barabara kwenda kuomba kituo cha mafuta.

"Fizi zikivuja damu, mtahini ananifelisha, baba," binti alimwambia jana kwenye simu. "Nikifeli ndio basi tena."

Alikuwa hatii chumvi. Kurudia mwaka ni kwa wenye nacho.

Mlinzi alipiga mswaki harakaharaka, akasukutua kwa maji ya kunywa yaliyobaki kwenye chupa, akatema kwenye maua. Kuinua kichwa, meneja huyo nyuma yake.

"Gari langu limekuwa bafu?"

"Samahani, bosi. Ndiyo natoka hivi. Ile ruhusa niliyoomba wiki iliyopita."

"Mwenzako yuko wapi?"

"Hajafika."

"Basi ruhusa hakuna. Lango haliachwi."

"Bosi, nimekesha hapa. Sijalala."

"Nimeshasema. Ukitoka, usirudi. Wanaoitaka hiyo kazi wamejaa huko nje."

Wala hakupaza sauti. Watu kama hawa wapaze sauti ya nini? Mlinzi alihisi hasira ikimpanda mpaka kooni, akaimeza pamoja na dawa ya meno. Miaka yote hii jibu lake lilikuwa ndiyo bosi, hata alipokatwa mshahara kwa siku aliyomzika mkewe. Aliweka funguo za lango juu ya boneti ya gari, polepole, asije akaikwaruza.

"Lango lako hilo hapo," alisema, akaondoka.

Chuoni alimkuta binti amesimama kando ya kiti, koti jeupe limepigwa pasi, glavu mikononi.

"Karibu, mzee."

"Ahsante, daktari."

Mzee, si baba. Chuo hakiruhusu ndugu kuwa mgonjwa wa mtihani, kwa hiyo ndani ya chumba hiki hawajuani. Lile neno daktari mlinzi alilipenda, akawa analitumia hata pasipo haja.

Mtahini alivuta taa, akapitisha kioo kidogo nyuma ya kila jino, akabonyeza fizi. Akatazama tena, kama anayetafuta kosa alilolipoteza. Hakuna damu.

"Wengine wanatuletea midomo kama jalala," alisema. "Huyu amejitunza. Umemfundisha vizuri. Umepita."

Binti alishusha pumzi, na mlinzi akahisi mwili wote unalegea kwa furaha na usingizi.

"Waya bado zina mwaka, mzee," mtahini aliendelea, akivua glavu. "Usilegeze. Kusafisha kila baada ya chakula si mchezo. Kazini wanakupa nafasi?"

Angeweza kujibu lolote. Lakini alichoka, na aliyechoka hana nguvu za kutunga uongo.

"Nafasi ninayo, daktari. Kuanzia leo ninayo tele."

Mtahini alicheka, akasogea kwenye kiti cha jirani. Binti hakucheka. Mkono wake ulibaki hewani na koleo.

"Ba..." alianza. Mtahini alikuwa hatua mbili tu.

"Mgonjwa anasubiri, daktari," mlinzi alimwambia taratibu, akafungua mdomo.

Binti aliinama, akaanza kukaza waya. Machozi yalimdondokea babake shavuni, naye hakuyafuta. Mgonjwa asiyemjua daktari angeyafutaje?