Jina la Tabitha Kwenye Jukwaa

Mgeni aliacha gari barabarani, akapanda kwa miguu hadi nyumbani kwa Dorothea, juu ya mashamba ya kabichi ya Kwai. Alitoa shikamoo vizuri, akasema anaitwa Paskali na anatafuta wakimbiaji chipukizi kwa ajili ya klabu moja ya Arusha. Alimtaka Tabitha, binti wa Dorothea aliyekuwa kidato cha tatu.

Dorothea alimwandalia chai ya maziwa, akaketi kumsikiliza. Mumewe, Timotheo, alikuwa kazini kwenye mashamba ya chai Kwamkoro, na mgeni alilijua hilo kabla hajaambiwa. Alijua pia jinsi Tabitha alivyowaacha wenzake kwenye mashindano ya shule mjini Tanga. Yote aliyosema yalikuwa kweli, na kadiri yalivyokuwa kweli ndivyo wasiwasi wa Dorothea ulivyozidi. Alipomwomba kitambulisho cha klabu, mgeni alisema amekisahau gesti, Lushoto.

Basi Dorothea akamjaribu. Alimwambia amechelewa, binti ameacha shule na sasa yuko kwa shangazi yake Zirai.

"Haiwezekani, mama," mgeni akasema kwa upole. "Kila jioni anakimbia kutoka shuleni mpaka hapa. Peke yake, kwa njia ya msituni."

Dorothea aliweka kikombe chini, akamwambia arudi siku ambayo baba yake Tabitha atakuwepo. Gari lilipoondoka tu, alifunga mlango akaenda kumpokea binti yake njiani.

Kesho yake alikwenda shuleni. Aliamini kwamba Mwalimu Nikodemo, mwalimu wa michezo, ndiye aliyemuuza mtoto, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua ratiba ile. Nikodemo hakukana kwamba aliandika habari za Tabitha kwenye intaneti. Alimpeleka mjini kwenye chumba cha intaneti, kitu ambacho mwaka huo wa 2004 kilikuwa bado kigeni kwa wengi, akamfungulia jukwaa la michezo ambako watu wa nchi nzima walibishana kuhusu mpira na riadha. Akamsomea: jina kamili la Tabitha, shule, kijiji, kazi ya baba, hadi njia ya mazoezi. Chini yake watu wenye majina ya kubuni walikuwa wameuliza maswali, naye mwalimu alikuwa amewajibu kwa furaha. Mmoja alitaka kujua kama binti ana mchumba. Mwalimu hakumjibu huyo, lakini wala hakushtuka.

Alijitetea kwamba waandishi wa magazeti hawapandi milimani, na asipowataja watoto hawa hakuna atakayewajua.

"Wenyewe wanaficha majina yao," Dorothea akasema, "halafu wewe unawapa la mwanangu."

Mwalimu aliyafuta maandishi yake, ila wengine walikwisha kuyanakili. Alipopiga simu Arusha, aliyepokea alisema hamjui Paskali, kisha akasema labda ni mtu mpya, klabu ina watu wengi. Jibu hilo halikumtuliza yeyote, na Paskali mwenyewe hakurudi.

Tabitha alimnunia mama yake. Kwake yeye ule ulikuwa mlango, na mama ameufunga. Aliposhinda tena, mwalimu aliandika kwamba ameshinda mwanafunzi mmoja wa Lushoto.

"Mama, nimeshinda mimi au imeshinda Lushoto?" Tabitha akauliza.

 Dorothea alimwonea huruma. Jumapili baada ya ibada alimwita Nikodemo pembeni, akamruhusu aandike jina la binti na matokeo ya mbio, basi. Shule, kijiji na njia asiviguse. Akataka pia mtoto asikimbie tena peke yake, na mwalimu akampangia wasichana wawili wa kufuatana naye.

Siku jina lilipoandikwa, Tabitha alirudi kutoka mjini uso uking'aa. Alimsimulia mama yake jinsi watu walivyompongeza kule jukwaani.

Dorothea akamuuliza ni akina nani hao.

Tabitha alifikiri kidogo, akasema hamjui hata mmoja.